Kofia Mbele ya Mwanga

Uligeuza uso. Usiniambie hukuwepo, maana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya madirisha, na kama si wewe uliyekuwa kwenye benchi, basi ni dada yako, ni mume wako, ni yule jirani unayemwomba chumvi. Taa zilipowaka uliangalia viatu vyako. Viatu vya Jumapili, ulivyovipaka rangi tangu Jumamosi, ukavikodolea macho kana kwamba Injili imeandikwa pale kwenye kamba. Halafu ukainua mkono pamoja na wengine, ukaenda zako kunywa soda ya bure. Leo ukikaribia nyumba ya Constantin Mwenze unavuka upande wa pili wa barabara. Basi kaa chini. Utasikia habari yako mwenyewe, na utaisikia tangu mwanzo, maana sisi wa Kenya, si ile nchi bali komini, kitongoji cha hapa Lubumbashi, tuna ugonjwa wa kukumbuka soda na kusahau kilichotangulia.

Ukumbi ule wa parokia, ambao ndio kanisa letu pia, haukujengwa na kampuni. Uliinuliwa na watu waliotoka Kabalo, Kongolo na Manono, walioletwa na reli na mgodi, wanaume waliobeba matofali baada ya misa na wanawake waliokanyaga udongo na watoto mgongoni. Mmoja wao alikuwa Mzee Mwenze, babake Constantin. Siku za kazi alitengeneza breki za mabehewa. Siku ya Jumapili alikuwa kinywa cha sinema.

Mapadri wa zamani walileta filamu za lugha za kwao, na hakuna mtu aliyezielewa. Mzee Mwenze alisimama kando ya shuka jeupe, akaeleza kwa Kiswahili kila kilichopita machoni. Farasi akikimbia, naye anakimbia kwa maneno. Mjane akilia, naye sauti inamkatika. Na filamu ilipofika mahali pa busu, padri aliinuka na ndevu zake, akaweka kofia yake mbele ya lenzi. Giza tii. Watoto wanapiga miluzi. Lakini Mzee Mwenze hanyamazi. Gizani humo anaendelea: "Sasa banaongea mambo ya mahari. Baba ya binti anakatala. Anasema mbuzi haitoshe." Ukumbi mzima unakufa kwa kicheko, na padri, aliyejua Kiswahili kuliko alivyojionyesha, anacheka ndani ya ndevu.

Kabla ya kufa, mzee alimwachia Constantin kazi hiyo pamoja na sharti lake moja: usiangalie filamu kabla ya watu kuiona. Macho yako na macho yao yafunguke siku moja. Ukiiangalia kwanza utajua cha kuficha, na ukishajua cha kuficha, utaanza kuwauzia.

Constantin alilishika sharti hilo kama amri ya kumi na moja. Katikati ya wiki alikuwa mtengenezaji wa friji. Siku za sinema alikuwa Kinywa, na hata watoto waliozaliwa na simu mkononi walimwita hivyo. Filamu zilikuja kwenye flashi badala ya makopo, zikaja na Kichina na Kihindi, naye akazieleza zote kwa namna ileile, kwa macho tu, na mara nyingi aliyoyasema yalikuwa matamu kuliko yaliyokuwamo.

Nyumbani, Jumamosi jioni, familia ilisali rozari, kisha ikatazama filamu. Filamu ikiisha hakuna aliyeruhusiwa kuinuka mpaka kila mmoja ajibu swali la baba: nani alidanganya wa kwanza? Si nani mbaya. Mbaya anajulikana kwa miwani yake. Nani alidanganya wa kwanza, hata kwa kitu kidogo, hata kwa kunyamaza? Mwanawe mkubwa, Gauthier, alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alimkamata mwongo kabla ya mwongo kumaliza sentensi. Tracy, kitinda mimba, alilala usingizi kwenye miguu ya mamake na kuamka mwishoni akisema, "Ni polisi!" na mara nyingi alipatia.

Constantin aliamini kwamba sinema ndiyo iliyomfundisha kusali. Kukaa gizani na wenzako, wote mkiangalia upande mmoja, mkingoja nuru iseme kitu: kwake hiyo ilikuwa nusu ya imani. Laurentine, mke wake, alimcheka.

"Tofauti iko moja tu," alisema. "Ku misa hatulipiake kiti."

"Na sadaka?"

"Ile ni ya kutoka, baba Gauthier. Ya kuingia ni bure."

Mwaka wa jubilei ya ndoa yao walifanya karamu uani. Gauthier, aliyekuwa ametoka kumaliza masomo ya mawasiliano, alirekodi yote kwa simu yake. Mwaka juzi Laurentine aliugua, akavimba miguu, akafa wakati wa mvua. Gauthier wakati huo alikuwa ameshapata kazi kwenye kampuni ya mgodi na nyumba yenye geti kule Golf, mtaa wa matajiri. Alilia kwenye mazishi mpaka watu wakamshika. Hilo pia likumbukwe. Hapa tunakumbuka vyote.

Siku ya Alhamisi, mwezi uliopita, gari la Gauthier lilisimama mbele ya karakana.

"Papa, bonjour. Unatengeneza ya nani tena?"

"Ya Clovis kinyozi. Inachemsha bia."

"Friji inachemsha?"

"Ni ya Clovis, mwana. Hata friji inamuogopaka."

Wakacheka. Gauthier akafungua kompyuta juu ya friji ya Clovis. "Papa, Jumapili tutaonyesha filamu ku salle ya parokia, kisha ya misa ya pili. Filamu juu ya mutaa yetu, juu ya maji. Sauti iko ya Kifaransa. Tunaomba weye ueleze."

"Ni filamu ya kampuni?"

"Ni filamu ya bantu ba mutaa. Utaona sura za kwetu. Unataka nikuonyeshe sasa?"

"Unajua miye siangaliake mbele."

"Najua, Papa," Gauthier alisema, akaifunga kompyuta taratibu.

Najua. Liweke neno hilo mfukoni.

Kilichotakiwa siku hiyo kila mtu alikijua. Kampuni ile ya Gauthier iliomba njia ya mfereji wake wa maji machafu, upite nyuma ya kiwanja cha parokia mpaka kwenye kijito chetu. Wamama wa mtaa, wakiongozwa na Léonie Mwila, walikuwa wamekataa tangu kijito kilipoanza kunuka kwa machafu yanayovuja kutoka mgodini, na bustani zao za lengalenga, mchicha wetu wa huku, kugeuka manjano. Kampuni ikaahidi bomba la maji na bati jipya la ukumbi. Na bati letu, tuseme ukweli, linavuja. Mvua ya Januari inamnyeshea Bikira Maria kichwani. Abbé Osée, paroko wetu, si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka kuweka ndoo chini ya bati. Akasema: tuone filamu kwanza, halafu watu waamue kwa mikono.

Jumapili hiyo madirisha yalizibwa kwa mikeka na vitenge. Constantin alisimama kando ya shuka, amevaa koti la ndoa yake, kofia aliyorithi kwa babake mkononi. Projekta ikawaka.

Bomba likaonekana, linang'aa, maji yakamwagika, mtoto akanywa na kujifuta mdomo.

"Angalieni!" Constantin akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi kama zamani. "Angalieni maji safi! Inatoka nyeupe sawa maziwa. Mutoto anakunywa, anasema: Mama, ongeza!"

Watu wakapiga makofi. Clovis akapaza sauti kutoka nyuma: "Kinywa, uliza hiyo robinet ya maji iko avenue gani, nipeleke bidon yangu nijaze!"

Kicheko. Constantin naye alicheka, lakini kitu kikamwingia kama jiwe kwenye kiatu, maana barabara ile hakuijua, na mtoto yule hakuwa mtoto wa mtu yeyote anayemfahamu. Lakini kinywa kikishaanza hakisimami. Mkurugenzi akatokea na helmeti nyeupe, Constantin akamweleza. Mashine zikazunguka; akazizungusha. Alikuwa anasema vizuri, na alijua anasema vizuri, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

Halafu Laurentine akatokea.

Alikuwa mkubwa kuliko ukuta. Kitenge cha jubilei, kilemba chake cha kuegemea upande mmoja, kikombe amekishika kwa mikono miwili kama kalisi. Wanawake kwenye benchi za mbele waliguna. Tracy akaita "Mama" kwa sauti ya mtoto mdogo, yeye msichana wa darasa la mwisho. Na Laurentine akasema, kwa Kiswahili chake, kwa sauti ambayo Constantin hakuwa ameisikia tangu mazishi:

"Tunashukuru sana. Tulipewa vyote. Hatukosi kitu."

Akainua kikombe. Picha ikarudi kwenye bomba. Na sauti ya Kifaransa ikasema, laini, bila haraka, kwamba mama wa mtaa anaishukuru kampuni kwa maji ya uzima.

Wasiojua Kifaransa walimgeukia Kinywa. Walikuwa wengi. Sentensi hiyo ilikuwa inangoja mdomo wake, kwa sababu bila mdomo wake ilikuwa kelele tu.

"Papa, endelea," Gauthier akanong'ona kutoka kwenye kompyuta. "Endelea, tafadhali."

Najua, Papa. Alijua. Alijua babake hataiangalia filamu kabla ya watu. Uaminifu wa mzee ndio aliouwekea mtego, na chambo akaweka uso wa mamake.

Constantin hakupiga kelele. Alipita katikati ya benchi mpaka kwenye projekta, na akaweka kofia ya babake mbele ya lenzi.

Giza.

Mtu mmoja wa umri mkubwa alicheka kidogo, akikumbuka za zamani. Sauti ya Kinywa ikaanza, bila mapambo.

"Sasa naeleza ile haionekane. Ile siku ni jubilei yetu. Padri anasimama mu lupango yangu, pale uani, anatuuliza: munamwambia nini Mungu? Mungu, njo jina alitaja. Laurentine anainuka na kikombe. Mu kikombe muko munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, alipika yeye. Munkoyo inapikwa na maji. Maji aliitoa wapi? Asubuyi alipanda pikipiki ya taxi na bidon mpaka komini ya Katuba kwa dada yake mukubwa, sababu maji ya huku ilikuwa inanuka sawa batri. Alisema: siwezi kupikia bageni hii kitu. Njo akainua kile kikombe, akamwambia Mungu aksanti. Bao bakakata Mungu, bakaacha kikombe."

"Na kisha ya kile kikombe, ikakuwa nini?" sauti ya Léonie ikauliza gizani.

"Kisha, unajua, Léonie. Njo weye ulimuosha mwili. Miye si munganga, sitasema nini ilimuua. Nasema tu: hakushukuru kampuni. Na nasema ile robinet ya mwanzo, niliisifu, siijue. Nilisema uongo na kinywa ya baba yangu. Munisamehe."

Mtu akawasha taa. Na hapo ndipo wewe ulipoangalia viatu.

Abbé Osée alisimama mbele, mikono ndani ya mikono ya kanzu. "Wapendwa, tumesikia. Kila mtu na machungu yake, na tutamwombea mama Laurentine. Lakini programu ni programu. Wanaokubali mfereji upite, na bati lije, wainue mikono."

Constantin alibaki nyuma, kando ya projekta, akaangalia. Hakuangalia nyuso, maana nyuso hazikuwepo, kulikuwa na vipara na vilemba tu. Aliangalia mikono. Aliona mkono uliokula kwenye ile karamu ya jubilei. Aliona mkono uliobeba jeneza upande wa kushoto. Mkono wa Clovis ulipanda nusu, ukajifanya unakuna sikio, halafu ukapanda wote, na waliokubali wakawa wengi. Watu wale walikuwa wamesikia. Mtu asiyesikia unamwambia tena. Huyu aliyesikia, utamwambia nini?

Léonie ndiye aliyesimama, kitambaa cha Legio ya Maria kifuani. "Baba Abbé, ndoa ya bamaskini babili unaitangazaka Jumapili tatu, unauliza nani anajua kizuizi. Hii ndoa yetu na kampuni unaifunga leo-leo, hata bila tangazo? Bibi-arusi alibakwa?"

Kicheko kilitoka, cha aibu. Abbé alijikuna shingo. Akaangalia bati, akaangalia watu, na labda aliangalia pia moyo wake, hatujui. "Basi," akasema, "tutatangaza Jumapili tatu. Aliye na kizuizi atasimama."

Alasiri hiyo Gauthier alifika nyumbani. Hakuingia, alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Constantin alikuwa kwenye kiti chake, Tracy chini kwenye mkeka.

"Umenipotezea uso, Papa. Mbele ya bakubwa zangu."

"Mama yako alikuwa na uso pia."

"Miye nilimpenda Mama! Unafikiri ulimpenda peke yako? Nilikaa siku mingi na zile picha. Nilitaka bantu bamuone, mukubwa, mu ukuta. Hakuna mutu alimuonaka mukubwa vile."

Hata Constantin mwenyewe, kwa kitambo kile kabla ya sauti ya Kifaransa, alikuwa amefurahi. Moyo wake uliruka kama wa kijana. Mtoto wake alimrudishia mke wake kwa muda wa kuinua kikombe, na kwa mkono uleule akamuuza.

Tracy ndiye aliyemwambia kaka yake mkubwa, bila kuinua macho: "Yaya Gauthier. Nani alidanganya wa kwanza?"

Bingwa wa mchezo alijibu haraka, kama zamani. "Papa. Alisema 'angalieni maji safi' mbele ya filamu kusema kitu. Sauti ya Kifaransa ilikuwa haijaanza. Muulize."

Ilikuwa kweli. Tracy alimtazama babake, na Constantin akatikisa kichwa kukubali. Sharti la babake lilikuwa zuri kwa dunia ambamo filamu hutoka mbali, kwa watu wasiokujua. Mzee Mwenze hakuwaza siku ambayo filamu itatoka nyumbani mwako, imekatwa na mtoto uliyemfundisha kutambua uongo, ili ajue vizuri mahali pa kuuficha.

"Ni kweli, nilitangulia," Constantin akasema. "Na nilisimama mbele ya bote nikakana ile nilisema. Zamu yako, mwana. Jumapili ya matangazo, njoo usimame useme ulikata wapi."

Gauthier alizungusha funguo kidoleni. "Nikisimama, kesho yake sina kazi."

"Najua," Constantin akasema.

Gari likaondoka. Jioni walisali rozari, wawili tu. Walipofika kwenye "utusamehe makosa yetu", Constantin alikwama. Si kwa kusahau. Maneno yanayofuata, yale ya kuwasamehe waliotukosea, yalikuwa yanamtaja Gauthier. Tracy akayamaliza peke yake, na babake akasema amina kwa kuchelewa. Hakuna filamu iliyotazamwa.

Jumapili ya kwanza Abbé alitangaza. Léonie akasimama peke yake katikati ya kanisa, mwanamke mfupi ndani ya kitenge cha Bikira Maria. Abbé akamwambia kwamba pingamizi la mtu mmoja haliwezi kuzuia neno la parokia. Jumapili ya pili Constantin alisimama naye, na Tracy, na kofia ya Mzee Mwenze mkononi. Akaangalia mlango, kama kuna mtu ataingia kutoka Golf. Hakuingia mtu. Akaangalia benchi. Wewe siku hiyo uliangalia bati. Nani asiyejua linavuja? Lilivuja tangu babu yako akiwa hai, na babu yako alikaa chini yake akimsikiliza mtu anayesema kweli gizani, akaloa, akacheka, hakufa.

Constantin sasa haendi kupokea komunyo. Anabaki kwenye benchi wengine wakipanga mstari. Si kwa hasira na Mungu. Anasema hawezi kwenda kupokea Mwili wakati mwili wa mkewe umetumika kufunga mdomo wa jirani zake, na yeye mwenyewe bado hajasamehe. Anangoja. Friji ya Clovis iko palepale karakana, imeshapona, inagandisha vizuri. Mwenyewe anaogopa kuja kuichukua.

Kesho ni Jumapili ya tatu. Baada ya kesho mfereji utapita, na mjukuu wako atakapouliza kwa nini maji yananuka batri, utamwonyesha filamu? Utamwambia mama mmoja aliyekufa alishukuru?

Usinitafutie sababu. Usiseme wengine wasimame kwanza. Wengine nao wanakungoja wewe, na ndivyo tulivyokaa chini maisha yetu yote. Leo, kabla jua halijazama, vuka barabara. Gonga kwa Constantin. Wewe Clovis, kachukue friji yako na umwangalie mtu usoni. Wewe Gauthier, kama haya yanakufikia nyuma ya geti lako, bado una usiku mmoja wa kuwa mtoto wa mamako. Na kesho Abbé Osée akiuliza nani anajua kizuizi, usikohoe, usitafute wimbo kwenye kitabu, usiangalie viatu. Mkono wako uliinuka kwa bati. Urudishe mbele ya watu wale wale waliouona ukipanda. Simama, wewe na nyumba yako yote, useme kwa sauti ya kufika nje: mimi nakijua kizuizi, nilikuwepo, nilisikia.

Simama.